Ini halijui umeingilia mlango gani

Usiku wa pili baada ya oparesheni mjomba alitaka kukohoa. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, pembeni ya kitanda, manake wodi zetu mnazijua, mgonjwa asiye na mtu wa kumuuguza ni kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, basi nikasikia pumzi yake imebadilika, fupi fupi, halafu kimya, halafu fupi fupi tena. Nikainuka. Kumbe amekumbatia ule mto wa sponji, ameukandamiza tumboni kwa mikono miwili vile sista alimfundisha, macho yamemtoka, kikohozi kiko pale kooni kinataka kutoka na yeye anakizuia. Huyu ni mtu aliyebeba magunia soko la Arua, kaskazini mwa Uganda, zaidi ya miaka 20, gunia la kilo 100 begani na anapanda nalo kwenye lori kwa ubao, leo anaogopa kikohozi. Mwishowe kilitoka kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua, na machozi yakamshuka.

Tumbo lilikuwa limekatwa kutoka chini ya kifua, pale mbavu zinapokutana, kisu kikashuka kidogo halafu kikakunja kwenda kulia kufuata mbavu mpaka karibu na ubavu. Ukikitazama kile kidonda unaona herufi J iliyolala vibaya. Ndani walitoa kipande cha ini upande wa kushoto, kilikuwa na uvimbe, na uvimbe wenyewe chanzo chake hepataitisi B aliyokuwa nayo bila kujua, kama wengi wa kule kwetu kaskazini.

Sasa miezi kadhaa baadaye dada mmoja tunayekaa naye mtaa mmoja huku Ntinda, Kampala, anafanya kazi ofisini, kansa yake ilianzia kwenye utumbo ikaruka mpaka kwenye ini, bima ya kazini ikampeleka India akafanyiwa kwa matundu, yaani kamera na vijiti virefu vinapitishwa kwenye vitundu vidogo bila kulifungua tumbo lote. Alirudi anatembea kama mtu aliyetoka safari. Alituonyesha mimi na mke wangu, matundu matano, mengine madogo kuliko alama ya chanjo ya BCG, na mstari mmoja chini kabisa ya tumbo kama wa mama aliyepasuliwa uzazi. Malalamiko yake yalikuwa kitu kimoja, "yaani mimi wamenipasua tumbo halafu kinachouma ni bega, hivi hawa walinifanya nini?"

Nikawa nawawaza hawa wawili usiku. Kidonda kidogo amekipata mtu anayeketi kwenye kiti, kikubwa amekipata mtu anayekula kwa mgongo wake. Na kila nikiongea na watu hapa Kampala kuhusu oparesheni ya matundu jibu ni lile lile, hayo ni mambo ya matajiri, urembo wa tumbo, watu wa bichi. Mimi nasema hapana, tumeligeuza hili jambo miguu juu, na nataka nieleze ni kwa nini.

Kwanza niwe mkweli, watu wawili siyo ushahidi. Mjomba na huyu dada hawakuwa na uvimbe wa aina moja, hawakuwa na umri mmoja, hawakulala hospitali moja, na mmoja alikula vizuri miaka yote na mwingine alikunywa vitu Arua ambavyo sitavitaja hapa. Ukitaka kujua mlango upi unauumiza mwili zaidi lazima uchukue watu wanaofanana, upige kura nani aende wapi, usiwaachie madaktari wachague, manake daktari akichagua atapeleka kesi rahisi kwa matundu halafu atakuja kutuambia matundu ni mazuri.

Hiyo kazi waliifanya Oslo, Norwei. Kati ya mwaka 2012 na 2016 walichukua watu 280 ambao kansa ya utumbo ilikuwa imefika kwenye ini, wakapiga kura, 133 wakaenda kwa matundu, 147 wakapasuliwa wazi. Kipande kinachotolewa kilikuwa kidogo kidogo, siyo nusu ya ini. Matokeo yalipotoka 2018, kwenye kila watu 100 wa matundu kama 19 walipata matatizo baada ya oparesheni, wa tumbo wazi 31. Kukaa hospitali, saa 53 kwa saa 96, yaani siku mbili na kitu kwa siku nne. Halafu hapa ndipo nilisimama nikasoma mara mbili, damu iliyomwagika haikutofautiana, muda wa kukaa mezani haukutofautiana, na ile kingo ya nyama nzima inayotakiwa ibaki kuzunguka kansa haikutofautiana. Walipofuatilia mpaka miaka mitano, waliokuwa bado hai ni 54 kwa 100 upande mmoja na 55 upande mwingine.

Unaona hiyo? Kwa ini lenyewe ni kama hakuna kilichobadilika. Kimekatwa kile kile, damu ile ile, maisha yale yale. Tofauti yote imekaa kwenye njia ya kuingilia, kwenye ukuta wa tumbo, na kwenye vile mwili mzima unajibu baada ya ukuta kubomolewa.

Tuzungumze basi huo ukuta, manake ndio habari yenyewe. Kumfikia mtu ini kwa tumbo wazi unakata ngozi, mafuta, halafu ile misuli miwili iliyosimama katikati ya tumbo kama nguzo, halafu upande wa kulia kuna tabaka tatu za misuli zimelaliana, kila moja nyuzi zake zinaelekea kwake, na katikati ya hizo tabaka zinapita neva zinazotoka mgongoni kufuata mbavu. Zote hizo kisu kinazipitia. Ini nalo limejificha chini ya mbavu, sasa ili daktari aone lazima vyuma viwekwe vishike mbavu vizivute juu, na vikae hivyo masaa yote ya oparesheni. Watu hufikiri maumivu ni ya pale palipokatwa tu, lakini mjomba alikuwa analalamikia mgongo na mbavu kuliko kidonda, "ni kama nimeangukiwa na gunia", na nilipomuuliza daktari kijana aliyekuwa zamu akacheka kidogo akasema wewe ukivutwa mbavu masaa manne utasemaje.

Kinachofuata ni hesabu ya mnyororo. Mbavu zinauma kwa hiyo mtu anapumua juu juu. Akipumua juu juu chini ya mapafu hapafunguki, panajikunja. Makohozi yanakaa pale. Hakohoi kwa sababu kukohoa ni adhabu. Siku ya tatu joto linapanda, na hiyo inaweza kuwa nimonia, mtu alikuja kwa ajili ya ini sasa anaumwa kifua. Ndiyo maana ule mto wa sponji siyo mchezo, na ndiyo maana dawa ya maumivu baada ya oparesheni siyo anasa wala siyo kumdekeza mgonjwa. Hapa lazima niisifu nchi yangu, sisi Uganda tuna morifini ya maji inayotengenezwa pale Makindye kwa Hospice Africa Uganda, na tangu 2004 manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika, nchi nyingi kubwa hazijafika hapo. Ila ilianzia kwa wagonjwa wa kansa waliokuwa wakitulizwa maumivu nyumbani, na ukienda kwenye wodi za upasuaji bado utakuta mtu amefunguliwa tumbo zima anapewa panado na moyo wa subira.

Halafu kuna moto wa ndani ambao huuoni. Mwili ukijeruhiwa haujui kwamba aliyekujeruhi ni daktari mwenye digrii, unajua umechomwa tu. Homoni ya kotisoli inapanda, sukari inapanda hata kwa asiye na kisukari, misuli inaanza kubomolewa ili ipatikane protini ya kujenga kidonda, na kidonda kikiwa kikubwa moto nao unakuwa mkubwa. Wale wa Oslo walipima hata kwenye damu wakakuta dalili za huo moto ziko chini zaidi kwa watu wa matundu. Sasa niambie, kiwanda cha protini nyingi za dharura mwilini ni kiungo gani? Ni ini. Ile CRP ambayo madaktari huipima kujua kama kuna moto, inatengenezwa na ini, albumini inayozuia maji yasivuje na kujaza miguu, ini tena. Yaani umemkata mfanyakazi mkono mmoja halafu siku ile ile umemwongezea kazi. Kwa oparesheni ya mguu ini linakuwa jirani anayesaidia kwenye msiba, kwa oparesheni ya ini lenyewe ndiye mfiwa na ndiye anayepika.

Ndiyo maana mimi naona kidonda kidogo kina maana zaidi kwenye ini kuliko sehemu nyingine za tumbo. Na kwa Waganda kuna sababu nyingine juu ya hiyo. Wazungu wa Oslo walikuwa na ini zima lenye madoa ya kansa iliyotoka kwingine. Wetu wengi ni hepataitisi B, na uvimbe unaota kwenye ini ambalo tayari limechoka, wengine lina makovu, na ukiongeza sumukuvu ya kwenye karanga na mahindi yaliyolowa unapata watu wa miaka 30 na 40 wenye ini la mzee. Mtu mwenye ini lenye makovu damu yake hutafuta njia za panya, vimishipa vinafura kwenye ukuta wa tumbo kupeleka damu pembeni kama boda inayokwepa foleni ya Jinja Road. Ukimpasua ukuta mzima umezikata hizo njia za panya zote kwa mkupuo mmoja, damu inarudi kusukuma kwenye ini, maji yanajaa tumboni. Kwa matundu nyingi zinabaki. Madaktari wanaoshughulika na ini la aina hiyo wamekuwa wakiona tumbo kujaa maji kunapungua wakiingia kwa matundu, na mimi nikisoma hivyo namfikiria mtu wa Lira au Moroto kabla ya kumfikiria mtu wa Oslo.

Sasa nigeuke upande wa pili, manake nisije nikaonekana nauza matundu kama wale wa dawa za mitishamba kwenye takisi.

Matundu nayo yana bei yake mwilini. Tumbo linajazwa gesi, kaboni dayoksaidi, ile ile ya kwenye soda, ili ukuta uinuke kamera ione. Ile gesi inasukuma kiwambo cha kifua juu, mapafu yanabanwa, moyo unafanya kazi kwa tabu kidogo, mtu mwenye moyo mbovu anaweza asivumilie. Na ile gesi ndiyo iliyomuumiza yule dada bega. Kiwambo cha kifua neva yake inashuka kutoka shingoni, na shingoni hapo hapo ndipo zinapotokea neva za ngozi ya bega, sasa kiwambo kikisumbuliwa ubongo unachanganya anwani. Hupita baada ya siku kadhaa. Kubwa zaidi ni damu. Ini linapitisha kama lita 1.5 za damu kila dakika, ichukue ile chupa kubwa ya maji ya dukani, hiyo kila dakika moja. Mshipa ukitoboka tumbo likiwa wazi daktari anaweka kidole, kidole ni kifaa bora duniani. Kwenye matundu hana kidole pale, ana kijiti kirefu. Gesi inasaidia kwa kubana mishipa midogo isivuje sana, hiyo ni faida, lakini mshipa mkubwa ukifunguka gesi yenyewe inaweza kuingia ndani ya damu. Daktari mwenye akili akiona mambo yanaharibika anafungua tumbo hapo hapo, na hilo siyo kushindwa, kushindwa ni kung'ang'ania.

(Na mwili wa daktari nao, hatuuzungumzii. Kwenye tumbo wazi ameinama, na kuna intern amesimama pembeni anavuta chuma mpaka mikono inatetemeka. Kwenye matundu amesimama wima kama sanamu, mabega juu, shingo imegeukia skrini, na vile vijiti ukivisukuma kulia ncha inakwenda kushoto. Masaa manne, matano. Mgongo wa mgonjwa umepona wa daktari umeanza.)

Halafu kuna kitu nilikikuta ambacho kilinipunguzia mbwembwe. Kuna utafiti mwingine wa Ulaya, ORANGE II PLUS, hospitali 16, watu zaidi ya 300, hawa sasa walikuwa wanatolewa nusu ya ini, siyo kipande. Walipiga kura hivyo hivyo. Matokeo yalichapishwa 2024, na muda wa mtu kurudi kujiweza, kula mwenyewe, kutembea mwenyewe, maumivu yanatulizwa na vidonge, ulikuwa siku 4 kwa matundu na siku 5 kwa tumbo wazi. Siku moja! Nikasema hebu, Oslo watu wa matundu walikaa karibu nusu ya muda wa wale wengine, hawa wamepata siku moja, imekuwaje?

Nadhani mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya kawaida tu, mzigo wa ndani ukiwa mkubwa mlango unapungua umuhimu. Ukitoa kipande, maumivu mengi ni ya mlango, ukibadilisha mlango umebadilisha karibu kila kitu. Ukitoa nusu ya ini, mwili unahangaika na hiyo nusu iliyoondoka, lile lililobaki linaanza kukua kwa haraka kujaza pengo, ini ni kiungo cha ajabu kwa hilo, na mlango unabaki jambo la pembeni. Kwa hiyo faida ya matundu ni kubwa zaidi kwa uvimbe mdogo ulio mahali rahisi. Wataalamu waliokutana Louisville kule Marekani mwaka 2008 walishasema zamani, uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, ulio pembeni ya ini, na hasa ile sehemu ya kushoto kabisa, hiyo ndiyo ya matundu. Sehemu ya kushoto. Ya mjomba ilikuwa hiyo hiyo.

La pili ndilo limenikaa moyoni zaidi. Kwenye ule utafiti wa nusu ya ini watu wote, wa matundu na wa tumbo wazi, waliuguzwa kwa ule mpango wa kuamsha mgonjwa mapema, uliotoka kwa daktari mmoja wa Denmark, Henrik Kehlet, miaka ya 1990. Mgonjwa halazwi njaa siku nzima kabla, anapewa kitu cha majimaji chenye sukari masaa machache kabla. Haachiwi na mipira puani na ubavuni bila sababu. Maumivu yanatulizwa kisawasawa. Jioni ile ile anakunywa, kesho yake anakula, kesho yake anasimama. Kumbe ukimfanyia hivyo mtu wa tumbo wazi naye anainuka siku ya tano na nusu ya ini imeondoka!

Mjomba siku ya tano alikuwa bado hajapewa hata uji. Unajua kwa nini? Tuliambiwa tusubiri mpaka ajambe. Wodi nzima watu wazima, ndugu wamekuja na basi la usiku kutoka Arua, mama mdogo ameshika chupa ya uji wa mtama, na kila asubuhi daktari anakuja na swali moja, amejamba? Bado daktari. Basi asile. Siku ya nne mzee wa kitanda cha jirani akatoa mlio, tukageuka wote tukidhani ni wetu, kumbe siye. Tulicheka, mjomba akashika tumbo, "msinichekeshe, nitapasuka." Sitaitaja hospitali, na waliomkata wana mkono mzuri sana, kidonda hakikuoza na uvimbe ulitoka wote. Lakini siku tano hizo za njaa na kulalishwa chali ndizo zilizomla mapaja. Alipanda kitandani na miguu ya mbeba mizigo akashuka na miguu ya mgonjwa, na hiyo haikuletwa na kisu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo Uganda ifanye nini, nina jibu la kuudhi kidogo. Kamera na gesi tunazo, oparesheni za matundu za mfuko wa nyongo na za akina mama zinafanyika hapa Kampala na nje ya Kampala, wapo madaktari wanaojua. Ini ni darasa lingine. Mtu akiniambia nichague kati ya daktari anayejaribu matundu ya ini kwa mara ya tatu na daktari aliyefungua matumbo mia, mimi nalala kwa yule wa mia, na nitalia na kikohozi changu. Lakini mpango wa kuamsha mgonjwa hauhitaji kamera. Unahitaji uji, mtu wa kumshika mkono asimame, morifini ambayo tayari tunaitengeneza, na daktari mkubwa akubali kuacha tabia aliyofundishwa shule. Hiyo ianze Jumatatu. Huku tunaandaa watu wachache, hospitali moja au mbili, wajifunze ini la matundu kwa kuanzia ule upande wa kushoto, na wakishajua, foleni isipangwe kwa bima.

Manake hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema ni mambo ya matajiri. Angalia hesabu ya kidonda kikubwa baada ya kutoka hospitali. Wiki sita usiinue kitu kizito, hiyo ndiyo kawaida wanayokwambia. Mtu wa ofisini wiki sita ni likizo na laptopu kitandani. Mwanamke wa Yumbe anayeteka maji, jerikeni la lita 20 ni kilo 20, nani atateka? Mwenye jembe, msimu wa mvua hauna wiki sita za kumsubiri. Wa boda anayekanyaga kiki asubuhi. Na siyo wiki sita tu, ukuta uliokatwa hivyo hushonwa lakini haurudi vile ulivyokuwa, mwingine miezi baadaye anaona kitu kinatokeza kwenye kovu akikohoa au akiinua, henia ya kidonda, na kadiri unavyoinua ndivyo inavyotokeza. Tajiri akipata kidonda kikubwa amepoteza mwezi. Mbeba mizigo amepoteza kazi. Sasa mnaniambia kidonda kidogo ni anasa ya nani?

Na kabla ya yote hayo, banange, kupima. Hepataitisi B ni kipimo cha tone la damu. Watoto wanachanjwa tangu 2002 kwa ile chanjo ya mchanganyiko, waliozaliwa kabla ya hapo waende wapime. Matundu yanasaidia uvimbe mdogo, na uvimbe mdogo hauumi, ini halina tabia ya kupiga kelele mapema, ukiusikia kwa kuuma mara nyingi umeshapita mlango wowote, wa tundu au wa panga. Wa mjomba ulionekana kwa bahati, alikwenda kupigwa altrasaundi kwa tatizo la mkojo.

Kitu kimoja tu ndicho nina kinyongo nacho, na siyo kwamba walimkata mkato mrefu. Hakuna aliyekaa naye kabla akamwambia, mzee, kazi yako ni ya bega na tumbo, mkato huu utakuondolea kazi hiyo, ipo njia nyingine ambayo sisi hapa hatuifanyi kwa ini, ukiweza uitafute, usipoweza tutafanya hii na tutakusaidia ujiandae. Alisaini karatasi ya Kiingereza. Mimi ndiye nilimtafsiria, na ile karatasi ilikuwa na mistari kuhusu kutokwa damu na kuhusu kufa, hakukuwa na mstari hata mmoja kuhusu magunia.

Siku hizi ana kibanda cha mobail mani pale pale sokoni, karibu na wanapopakia lori za Kongo. Nilimtembelea Desemba, tukakaa kwenye benchi anawatazama vijana wakipanda ubao na magunia, anawasahihisha kwa sauti, "wewe, geuza kiuno kwanza!" Nikamsimulia ya yule dada wa Ntinda, matundu matano, wiki mbili yuko kazini, kinachouma ni bega tu.

"Bega?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, siku chache, ni ile gesi.

Akacheka, na mkono wake ukaenda wenyewe tumboni ukashika lile kovu, bado hucheka hivyo mpaka leo ingawa anasema haliumi tena. "Bega ningewaachia," akasema, "bega langu lilishazoea."